Uchambuzi wa kisa: mkopo wa duka uliogeuka mkopo wa mtaa, Kisauni, Mombasa

Mwenye duka hapa tunamwita Bi M., na herufi hiyo haitoki katika jina lake. Mtaa hatuutaji, wala shirika lililomkopesha. Mimi hufundisha hesabu za biashara kwa vikundi vya akina mama upande wa Kisauni. Kikundi chake kiliniita Juni 2024, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Yaliyotangulia nimeyapata kwake mwenyewe, kwa mwenyekiti wa kikundi na katika daftari la duka. Bi M. amekubali kisa hiki kiandikwe ili wanawake wengine wanaofikiria kukopa wakisome kabla ya kutia sahihi.

Usuli

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, kodi shilingi 5,000 kwa mwezi. Ndani kuna unga, mchele, sukari, maharagwe, chumvi, sabuni na mafuta ya kupima. Nje, chini ya kipande cha turubai, kuna meza ya nyanya, vitunguu, viazi, nazi, ndimu na mchicha. Mboga anazifuata soko la Kongowea alfajiri kwa matatu, na kurudi anapanda tuktuk kwa sababu ya mzigo.

Wateja wake ni wapangaji: vibarua wa bandarini, walinzi, wafanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi, madereva wa tuktuk na bodaboda, wanawake wafanyao kazi za nyumbani. Wengi hununua kwa kipimo cha siku hiyo. Mtu atataka sukari robo, mafuta ya 20, majani ya chai ya 10 na nyanya mbili. Bi M. hufunga sukari katika karatasi kwa mkono mmoja huku mwingine ukirudisha chenji, na foleni ya saa kumi na mbili jioni huimaliza bila kuuliza mtu bei mara mbili.

Kabla ya mkopo mauzo yalikuwa kama shilingi 7,000 kwa siku. Ukichanganya bidhaa zote, faida ilikuwa asilimia 12 hivi. Mboga humpa zaidi, lakini huoza. Unga na sukari havimpi karibu chochote, ila bila hivyo mteja haji. Kwa hiyo faida ya siku ilikuwa shilingi 840, na ya mwezi kama 25,200. Kodi, nauli, tokeni za umeme na mifuko vilikula 10,000. Nyumba, yenye watoto wanne na mume anayepata kazi bandarini siku anapoitwa, ilikula 13,000. Zilizobaki ni shilingi 2,200 kwa mwezi. Msomaji aishike namba hiyo, maana afisa wa mikopo hakuiuliza.

Mkopo wenyewe

Bi M. alikuwa katika kikundi cha wanawake 15 waliokuwa wakicheza mchezo wa kila wiki, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2023 shirika moja la mikopo midogo likawajia: wanakikundi wadhaminiane, asiwepo atakayetoa hati ya nyumba wala ya gari, na kila mmoja akope kadiri ya biashara yake. Wawili walijitoa siku hiyo hiyo kwa ajili ya riba. Waliobaki walitia sahihi.

Katikati ya Januari 2024 Bi M. aliandikiwa shilingi 100,000 za mwaka mmoja, riba asilimia 18. Riba hiyo ilipigwa juu ya laki nzima kwa mwaka mzima, haikupungua kadiri deni lilivyopungua. Jumla ya kulipa ikawa 118,000, sawa na takriban 2,270 kila Jumatano kwa wiki 52, kuanzia wiki ya pili.

Mkononi hakupata laki. Ada ya kushughulikia mkopo ilikuwa 3,000, bima 1,000, na akiba ya lazima 10,000 iliyozuiwa hadi deni liishe. Alitoka na 86,000. Ukipiga hesabu ya pesa aliyokuwa nayo kweli mkononi wiki hadi wiki, riba ya asilimia 18 kwa namna hii ya kuhesabu ni kama asilimia 33 kwa mwaka. Ukiongeza ada na ile akiba iliyofungwa, inafika takriban asilimia 50. Hakuna aliyemdanganya. Makaratasi yalisema kila kitu, lakini yalikisema vipande vipande.

Matumizi yalikuwa hivi. Friji ya mitumba ilimchukua 28,000. Bidhaa zilichukua 40,000: gunia la sukari la kilo 50, mchele, mabunda ya unga na mitungi ya mafuta ya lita 20. Karo ya mtoto wa sekondari ilichukua 8,000 kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa, na 10,000 aliziweka za malipo ya wiki za mwanzo. Kuhusu karo wapo watakaomlaumu. Mimi simlaumu. Mama mwenye pesa mkononi mwezi wa Januari, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, atalipa karo. Anayemkopesha mzazi mwezi huo anapaswa kulijua hilo mapema.

Januari hadi Machi: duka linachangamka

Miezi miwili ya kwanza ilimpa kila mtu moyo. Ilikuwa kaskazi, joto la Mombasa limeshika, na friji ikaanza kazi siku ile ile. Maji baridi, maziwa, soda, na zaidi ya vyote mabarafu ya ukwaju na ubuyu aliyokuwa akiyagandisha usiku na kuwauzia watoto watokao shule. Sukari na unga havikuisha tena saa mbili usiku kama zamani. Mauzo yalipanda hadi 9,500 kwa siku. Kila Jumatano alikuwa wa kwanza kuweka pesa mezani.

Deni la wateja nalo lilikuwa linapanda, ila hakuna aliyelitazama. Kabla ya mkopo daftari lilikuwa na kama shilingi 12,000 za watu. Duka lilipokuwa na rafu tupu, Bi M. alikuwa na njia rahisi ya kukataa kukopesha: kitu hakipo. Sasa kitu kipo na kila mtu anakiona kupitia nondo za dirisha.

Ramadhani na baada yake

Ramadhani ya 2024 ilianza katikati ya Machi. Kwa duka la mtaa wa Waislamu wengi huo ndio mwezi wa mavuno: tende, sukari, unga wa ngano, tambi, hamira, nazi, maziwa. Bi M. alijaza duka. Karibu bidhaa zote zilitoka, na sehemu kubwa ilitoka kwa maneno: "Nishikie mpaka Idd."

Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Alinijibu hivi: "Nikimkatalia jirani unga saa kumi na moja jioni, watoto wake wafuturu nini? Na akipata pesa kesho, unafikiri atarudi kwangu?" Jibu hilo lina huruma na lina biashara, na ushauri wowote wa mikopo usiozingatia yote mawili hautafuatwa Kisauni.

Idd ilipita 10 Aprili, daftari likiwa na 41,000. Waliosema Idd walikuwa wamemaliza pesa kwa nguo za watoto na nauli za kwenda kwao. Masika nayo ilikuwa nzito mwaka ule. Mvua iliharibu mashamba na barabara sehemu nyingi za Kenya, mboga zikapanda bei Kongowea, na nyanya alizonunua ghali zikamwozea mezani. Upepo ulipogeuka kuwa kusi na hewa kupoa, watoto waliacha kutafuta mabarafu, lakini friji iliendelea kula tokeni. Hoteli zikaingia msimu wao mbaya, baadhi ya wateja wakapumzishwa kazi bila mshahara. Mumewe akawa anaitwa bandarini siku chache kwa wiki.

Mauzo ya taslimu yalishuka hadi 5,500 kwa siku. Jumatano hazikusogea. Mei alichukua mkopo wa simu kulipa kikundi, halafu wa pili kulipa wa kwanza, jumla 9,500. Juni alishindwa. Wiki mbili kikundi kilimlipia kutoka mfuko wake, shilingi 4,540. Wiki mbili zilizofuata hazikulipwa na mtu.

Jumatano ya mwisho ya Juni mwenyekiti alimwambia mbele ya wote: "Shoga, sisi si kwamba hatukupendi. Lakini mimi pia nina duka, na nimelipa langu na lako." Bi M. aliondoka bila kunywa chai.

Maamuzi, na sababu za kila moja

Kazi ya kwanza ilikuwa kulihesabu daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limelowa mafuta, na majina yaliyomo anayajua yeye peke yake: "Mama Pacha", "kijana wa chumba cha juu", "tuktuk ya kijani". Baadhi ya mistari ilikuwa na bidhaa bila bei. Mingine ilikuwa imekatwa kwa kalamu, na hakukumbuka kama ilikatwa kwa kulipwa au kwa kuhamishiwa ukurasa mwingine. Tuliketi nalo jioni kadhaa pamoja na binti yake mkubwa, tukaandika upya. Jumla ilikuwa majina 57 na shilingi 46,300.

Tuliyagawa kwa namna mtu anavyopata pesa. Wenye mshahara wa mwezi walikuwa 19, wanadaiwa 21,000. Wa kipato cha kila siku walikuwa 26, wanadaiwa 15,500. Waliohama, au ambao hakuna aliyejua walipo, walikuwa 12, wanadaiwa 9,800.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Deni la wateja lilikuwa limeongezeka kwa 34,300 tangu mkopo uingie. Ukitoa faida iliyomo ndani, zaidi ya 30,000 ya mtaji ilikuwa jikoni kwa watu, wakati mkopo uliokwenda kwenye bidhaa ulikuwa 40,000. Bi M. alikuwa amekopa kwa riba, akilipa kila wiki, ili aukopeshe mtaa bila riba na alipwe Mungu akijalia.

Uamuzi wa kwanza: kukopesha kusikome, kuwekewe mpaka. Mumewe alitaka libandikwe tangazo la "leo taslimu, kesho deni" na mambo yaishe. Tulilijadili kwa muda mrefu. Duka lililo nyumba ya tatu linakopesha, kwa hiyo akifunga deni kabisa atapoteza wateja wazuri pamoja na wabaya. Kilichokubaliwa ni kwamba kila nyumba isipite shilingi 500, mwenye kipato cha siku alipe kabla ya kuchukua tena, na daftari zima lisivuke 15,000. Likifika hapo, jibu ni "daftari limejaa", na jibu hilo ni la kweli kwa kila mtu sawasawa. Bi M. aliupenda utaratibu huu kwa kuwa haukumlazimu kumwambia jirani kwamba hamwamini.

Uamuzi wa pili ulikuwa namna ya kudai. Mwanakikundi mmoja alipendekeza majina yabandikwe ukutani. Bi M. alikataa papo hapo, na nilimuunga mkono. Aliyeaibishwa halipi, hubadilisha njia ya kupita tu. Walikwendewa mmoja mmoja, wenye mshahara kati ya tarehe 28 na 5, wengine baada ya alasiri, kamwe si mbele ya wageni. Kila mmoja alionyeshwa ukurasa wake na kuombwa aseme mwenyewe atalipa kiasi gani kwa awamu. Deni la mume lilizungumzwa na mume.

Uamuzi wa tatu: kwenda kwa mkopeshaji kabla mkopeshaji hajaja. Bi M. aliogopa, kwa sababu alikuwa amesikia ya wanawake waliochukuliwa viti na televisheni. Alikwenda na mwenyekiti, akabeba daftari jipya. Aliomba alipe kila wiki mbili, akakataliwa, mfumo wao haukubali. Aliomba muda uongezwe, akapewa miezi mitatu kwa ada ya 2,500, malipo yakashuka hadi takriban 1,780 kwa wiki. Alikuwa analipia muda, ndiyo, lakini mikopo ya simu aliyokuwa akiikimbilia ingemgharimu zaidi kwa kipindi hicho. Hiyo ya simu ndiyo iliyolipwa mwanzo, kutoka pesa za kwanza zilizokusanywa.

Uamuzi wa nne ulihusu friji. Mumewe alitaka iuzwe. Tuliandika tokeni na mauzo ya vitu vya baridi kwa wiki mbili za Julai, mwezi mbaya kuliko yote, na hata hapo ilikuwa inajilipia umeme na kubakisha kidogo. Kuiuza wakati wa kusi kungeleta pengine nusu ya bei aliyonunulia, halafu kaskazi ingeingia hana. Ikabaki.

Uamuzi wa tano sikuuleta mimi, aliuleta yeye. Mwenye duka la jumla anayemuuzia sukari na unga Kongowea alikuwa anamjua kwa miaka. Alimwomba mali kauli: achukue bidhaa za 10,000 au 12,000, alipe baada ya siku saba. Akakubaliwa, kwa bei iliyo juu kwa shilingi 20 kila bunda. Sharti moja tu lilikuwepo. Akichelewa mara moja, basi.

Jambo moja dogo lilijitokeza wakati wa kuandika daftari upya: halikuwa na ukurasa wa nyumba yake mwenyewe. Unga wa ugali, sukari ya chai, sabuni, vyote vilitoka rafuni bila kuandikwa. Binti aliufungua ukurasa huo na ndiye anayeuandika.

Matokeo

Hadi mwisho wa Septemba 2024 zilikuwa zimekusanywa 29,000 kati ya 46,300. Baadaye zikaingia 6,300 kidogo kidogo. Zilizopotea ni 11,000, nyingi za wale waliohama. Shilingi 4,800 kati ya hizo ni za wifi yake, na hao wawili hawazungumzi hadi leo.

Kikundi kilirudishiwa 4,540 chake. Mkopo uliisha Aprili 2025 bila Jumatano nyingine kukosa, akapewa akiba yake ya 10,000. Ramadhani ya Machi 2025 daftari lilifika 15,000 siku ya tisa na kubaki hapo. Wateja wawili walihamia duka lile la nyumba ya tatu, na mmoja alirudi. Mauzo sasa ni kama 8,200 kwa siku, chini ya kilele cha Februari 2024, ila karibu yote ni taslimu au kwa simu.

Shirika lilimpa nafasi ya kukopa 150,000. Hakuzichukua. Akiba yake aliiongeza kwenye bidhaa.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu ambayo ingefaa kupigwa Januari. Kulipa 2,270 kwa wiki kutokana na faida ya asilimia 12 kunahitaji mauzo ya ziada ya kama 18,900 kwa wiki, yaani 2,700 kila siku bila kukosa. Katika wiki zake nzuri kabisa, kaskazi, watoto wamejaa dirishani, mauzo yaliongezeka kwa 2,500. Mkopo huu ulikuwa haujilipi hata ulipokuwa unafanya vizuri. Aliweza kulipa miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu ya zile 10,000 alizoziweka kando, na kwa sababu kila bidhaa iliyouzwa ilileta pesa ya kununulia nyingine, naye akaipeleka Jumatano badala ya Kongowea. Rafu zilikuwa zinapungua tayari, na wingi wa watu wa Ramadhani ukalificha hilo.

Afisa aliuliza mauzo ya siku, akaandika 7,000, akaona mwanamke anayeingiza zaidi ya laki mbili kwa mwezi. Duka la chakula haliangaliwi hivyo. Pakiti ya unga ya kilo mbili aliyoinunua 140 aliiuza 150. Asipolipwa pakiti moja, itabidi auze 14 nyingine ndipo arudi alipokuwa. Namba ya kukopeshea ni zile 2,200 zilizobaki mwisho wa mwezi, na kwa namba hiyo mkopo wa 30,000 au 40,000 wa bidhaa peke yake ungetosha kuanzia.

Friji ilikuwa ununuzi mzuri ulioingizwa katika mkopo usioufaa. Friji hurudisha pesa kwa misimu: hutoa sana Novemba hadi Machi, kisha hupumzika. Kuilipia kwa mwaka mmoja, kila wiki kiasi kile kile, kuanzia siku ya kumi, ni kuilazimisha itoe Juni kama inavyotoa Februari. Bidhaa nazo zina mwendo wao. Sukari hugeuka pesa kwa siku chache, kwa hiyo mali kauli ya wiki moja inaifaa kuliko mkopo wa mwaka. Bi M. aliliona hilo peke yake, na kwangu huo ndio uamuzi bora katika kisa chote. Udhaifu wake ni kwamba unategemea mtu mmoja. Mwenye duka la jumla akifunga au akibadili nia, njia imekatika.

Udhamini wa kikundi ulifanya kazi nusu. Uliwapa mkopo wanawake wasio na hati, na ule mfuko wa dharura ulizuia jina la Bi M. kuharibika mapema. Lakini wadhamini walidhamini tabia yake na hawakuwahi kuona daftari lake. Walimjua kuwa mwaminifu, wakadhani hilo linatosha. Na aibu ya Jumatano ndiyo iliyompeleka kwenye mikopo ya simu wiki sita kabla ya kusema ukweli. Kikundi ambacho mtu anaogopa kukiambia "wiki hii sina" kitaujua ukweli ukiwa umechelewa.

Kuhusu riba, wale wawili waliojitoa walisimama kwenye dini yao, na wakopeshaji wa Mombasa watakosea wakiwachukulia kuwa ni woga wa biashara. Benki za kwanza za Kenya zinazofuata Sharia zilianza kufanya kazi 2008, na njia ya murabaha inajulikana vyema Pwani: mwenye mtaji ananunua bidhaa, anakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi, unalipa kwa awamu, na bei haiongezeki ukichelewa. Kwa Bi M. njia hiyo ingesaidia mahali pawili. Gharama yote ingekuwa namba moja aliyoiona tangu siku ya kwanza. Na pesa isingepita mkononi, kwa hiyo karo ingetafutiwa chanzo kingine. Lakini isingegusa tatizo kubwa. Sukari ya murabaha nayo ingekopeshwa dirishani.

Serikali ina njia zake. Hazina ya Biashara ya Wanawake, iliyoanzishwa 2007, hukopesha vikundi bila riba kwa ada ya usimamizi. Hustler Fund ya Novemba 2022 hutoza mtu binafsi asilimia 8 kwa mwaka, bei nafuu kuliko chochote kilicho kwenye simu, ila mkopo wa siku 14 unaoanzia shilingi 500 unafaa kujaza meza ya nyanya, si kununua friji. Kikundi hiki hakikuwahi kuomba kwa Hazina kwa sababu cheti chao cha usajili kilikuwa kimepitwa na wakati na hakuna aliyefuatilia. Wamekihuisha mwaka huu.

Mpaka wa daftari umefaulu kwa sababu ulitoka kwa mwenye duka na unasemeka kwa heshima. Sina hakika kwamba utafaa kila mtaa. Hapa wateja wengi wameajiriwa walau kwa vipindi. Mahali ambapo nusu ya nyumba hazina kipato kabisa, 500 kwa nyumba ni deni lisilolipwa, limepunguzwa tu.

Kisichobadilika ni ratiba. Shirika bado linakopesha wanawake wa Kisauni Januari, kwa malipo ya kila wiki yaliyo sawa mwaka mzima, na afisa bado anauliza mauzo ya siku. Kikundi nacho kimeamua kwamba anayetaka kudhaminiwa alete daftari la madeni likaguliwe na wanakikundi wawili, pamoja na ukurasa wa nyumba yake. Wa kwanza kuombwa hivyo alikasirika na kuondoka nalo kwapani. Wa pili alilileta, likakutwa na 27,000, akaambiwa akusanye kwanza. Wiki iliyopita alikuwa amefikia 19,000.